Pipa Lililopimwa kwa Maji

Kama yupo mtu duniani aliyewahi kujaza pipa maji ili ajue kama litahimili upepo, basi ni Fundi Mkuu, na mimi nilikuwepo, nimeshika ndoo. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, hayo siyagusi. Watu wa Kasulu watakusimulia hata usipowauliza, tena kila mmoja na lake. Mimi nasema niliyoyaona kwa macho yangu katika karakana yake nyuma ya soko, ambako nilipiga msasa na kupaka vanishi miaka mingi mpaka watu wakasahau jina langu wakaniita Mama Vanishi.

Cheo cha Fundi Mkuu alijipa mwenyewe. Asubuhi moja tulimkuta juu ya ngazi anajichorea juu ya mlango kwa rangi nyekundu, na tangu hapo ukimwita "fundi" peke yake haitiki. Ukimwita "mzee" ndiyo kabisa, siku hiyo utarandishwa mbao zenye misumari. Hata mkewe alipokuja kuleta chakula alisimama mlangoni akauliza, "Fundi Mkuu yupo?" Namna alivyolitamka neno hilo, na sisi tulivyoinamisha vichwa tusicheke, ungejua mwanamke yule alikuwa ameshakata tamaa zamani.

Alivaa shati jeupe. Naomba ulielewe jambo hili vizuri. Tulikuwa tunapasua mkurungu, mti ambao vumbi lake ni jekundu kama pilipili ya kusaga, linaingia puani, linaingia kwenye ugali, ukijifuta jasho kitambaa kinatoka kama umechinja kuku. Humo ndani yeye alipita na shati jeupe lililopigwa pasi, penseli mbili sikioni, moja ya kuchorea mbao na nyingine ya kunyooshea watu. Benchi la dirishani, penye hewa, lilikuwa lake, na hapo aliweka kikombe chake cha chai chenye mfuniko. Chembe ya vumbi ikiingia kwenye chai ile, karakana nzima ilikosa amani mpaka jioni. Vumbi hilo hilo likiingia kwenye vifua vyetu alisema ni dawa.

"Mkurungu si ndio wazee wanachemsha magome yake kuongeza damu?" alikuwa akituuliza. "Basi nyie mnaongezewa damu bure. Wengine wanapanga foleni hospitali."

Kwa wateja alikuwa na usemi mmoja ambao sijui aliuokota wapi. Mtu akija kutaka kitanda, Fundi Mkuu anamsikiliza amefumba macho, halafu anasema, "Hicho ndicho unachokitaka. Sasa ngoja nikwambie unachokihitaji." Mtu anaondoka ameagiza kabati. Mwalimu mmoja wa chuo aliingia kutafuta kistuli cha kukalia jikoni, akatoka ameagiza meza ya watu wanane, na alikuwa anaishi peke yake. Tuliipeleka chumbani kwake, ikabidi kitanda kitoke nje ndipo iingie. Fundi Mkuu akaizunguka akiipapasa, akasema, "Sasa umekuwa mtu."

Lakini mwongo si mimi, na mazuri yake nitayasema, ingawa yananikwama kooni. Kazi yake ilikuwa safi hata pale ambapo hakuna jicho litakalofika. Niliwahi kumwona akivunja kitanda kilichokwisha, kimeshapakwa vanishi na mimi mwenyewe, kwa sababu alikumbuka kwamba ulimi wa mbao uliozama ndani ya mguu ulikuwa umekatwa ovyo. "Nani atauona?" nikamuuliza kwa hasira, maana vanishi ilikuwa jasho langu. Akajibu, "Mimi nimeshauona." Na yeye ndiye aliyenifundisha mashine. Karakana nyingine mjini waliponiona naomba kazi walicheka, wakasema mwanamke akiingia humu mbao zitapinda. Yeye aliniweka mbele ya mashine ya randa, akanionyesha mahali pa kuweka vidole na mahali pa kutoviweka, na aliyecheka alifukuzwa siku hiyo hiyo. Kwa hilo namheshimu, na hapo hapo namsonya.

Sasa kifua changu. Kikohozi kilianza kidogokidogo, nikasema ni baridi ya Kasulu, maana huku juu asubuhi ni baridi kweli. Kikazidi. Usiku nikawa nalala nimekaa. Nilipokwenda hospitali daktari alinisikiliza mgongoni, akaniuliza nafanya kazi gani, akatikisa kichwa. "Mama, chagua," akasema. "Ama wewe uache mbao, ama vumbi likuache wewe. Ukiendelea hivi, hicho kifua hakitakuvusha." Mimi kazi nyingine sijui. Kulima nililima utotoni huko Kitanga na nilikimbia jembe kwa miguu yangu miwili. Mbao ndizo zilizonifanya niitwe kwa heshima. Nilitoka pale hospitali nikakaa kwenye jiwe nje ya geti, nikalia.

Nilimpelekea Fundi Mkuu maneno ya daktari kama yalivyo. Nilitegemea ile hadithi ya kuongezewa damu. Hakuisema. Alichomoa penseli sikioni, akairudisha, akaenda dirishani akasimama akinipa mgongo. Kwa siku kadhaa baada ya hapo alikuwa anatazama simu yake kutwa nzima, kazi zimelala, tukadhani amepata mchumba. Kumbe alikuwa anatazama video za karakana za ng'ambo. Akatuita, akasema, "Tunatengeneza kisulisuli."

Na kweli kilitengenezwa. Alimleta fundi bati, Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi, aliyekuwa akiuza karai na majiko huko Makere, na kwa pamoja wakakunja bati likawa koni kubwa, mdomo mpana juu, mwembamba chini. Feni inavuta hewa yenye vumbi kutoka kwenye mashine kwa mrija, hewa inaingia ndani ya koni inazunguka kwa kasi kama kisulisuli cha kiangazi, vumbi linagonga ukingo, linateremka, linadondokea kwenye pipa lililofungwa chini ya koni. Hewa iliyosafika inapanda juu, inapita kwenye feni, inatemwa uani. Ni kitu kizuri, sikatai. Uani ndiko nilikopakia vanishi, kwa hiyo kila kitu kilitegemea pipa. Pipa likishika, ninapumua. Lisiposhika, daktari ameshasema.

Ukweli ni kwamba huku kwetu hakuna mtu anayenunua pipa bila kulijaza maji. Mapipa ni ya pombe ya ndizi, na mama wapika pombe wana sheria zao: unalijaza mpaka mdomoni, unaliacha lilale, asubuhi unalipiga makofi tumboni ukisikiliza, unapapasa chini kama pana unyevu. Halijavuja, halijavimba, unalichukua. Fundi Mkuu alifanya vilevile. Alinunua pipa la plastiki la bluu kwa mama mmoja wa Makere, likafika likinuka ndizi mpaka nzi wakatufuata, akaamuru lijazwe. Ndoo kwa ndoo tulichota. Asubuhi akalipiga makofi, akainama akaweka sikio, amefumba macho kama mganga.

"Hili," akasema, "ni pipa."

Tukalifunga chini ya koni, tyubu ya baiskeli ikazunguka mdomo hewa isipite. Asubuhi ile ilikwenda vizuri, na nitakwambia bila aibu kwamba nilivuta pumzi ndefu pale uani nikahisi harufu ya vanishi peke yake, nikatabasamu. Mchana maranda yakaziba mrija. Feni ikakosa hewa ya kuvuta huku, ikavuta kule, na pipa likanywea. Lilibonyea mbavu zote mbili kwa wakati mmoja, likatoa mlio kama mtu aliyekaa juu ya bati, likachomoka kwenye koni, na vumbi lote lililokusanyika tangu asubuhi likapanda likatoka kupitia feni, likaniangukia.

Nilipomaliza kukohoa nilichukua chupa ya maji ya plastiki iliyokuwa tupu. "Fundi Mkuu, tazama," nikamwambia. Nikaiweka mdomoni nikavuta hewa. Chupa ikabonyea. "Maji yanasukuma kwenda nje. Hii feni inavuta kwenda ndani. Tunataka pipa gumu, la chuma kinene, lisilobonyea. Kuvuja maji si shida yetu."

Aliitazama ile chupa. Akanitazama mimi. Fundi bati alikuwa amesimama pale, Fundi Mkuu akamgeukia amwunge mkono, yule bwana akainua mikono. "Mie nilitengeneza koni tu, patron," akasema. "Mambo ya pipa ayiniangalie." Yaani hayamhusu. Naye nilimdharau siku ile, sikuficha.

"Hiyo ni chupa," Fundi Mkuu akasema mwishowe. "Mimi naongelea pipa. Pipa ni pipa."

Akapanda basi kwenda Kibondo kutafuta pipa la chuma, na nikajisemea, angalau neno moja limemwingia. Akarudi nalo juu ya keria. Lilikuwa pipa la lami, yale yaliyotupwa na wajenzi wa barabara, ambayo watu huku wanayakunjua kwa nyundo kutengeneza milango ya vyoo. Ukilibonyeza kwa dole gumba linaitika. Chuma ndiyo, lakini chembamba! Nikamwambia, "Fundi Mkuu, hili linakunjuliwa kwa nyundo ya nusu siku." Akasema nilete ndoo.

Safari hii aliita na majirani. Maji yalijazwa mbele ya muuza mitumba, mbele ya vijana wa bodaboda, mbele ya Mama wa Vitenge, mwenye duka kubwa mjini, aliyekuja kuangalia kabati la harusi ya binti yake. Pipa halikudondosha hata tone. Fundi Mkuu akalipaka rangi ya bluu, akaandika juu yake cheo chake.

Siku lilipobonyea, Mama wa Vitenge alikuwepo tena. Kabati la bi harusi lilikuwa uani, milango minne, vanishi ya mwisho bado mbichi, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuzifanya. Mrija ukaziba, pipa likasinyaa likawa kama kopo lililokanyagwa na lori, mfuniko ukaruka, na wingu jekundu likatoka uani likatua taratibu juu ya vanishi. Mama wa Vitenge akalisogelea kabati, akapitisha kidole.

"Astaghfirullah," akasema. "Fundi, kabati la mwanangu limeota ndevu?"

"Hiyo ni rangi ya kwanza," Fundi Mkuu akajibu bila kupepesa.

Haya, ungefikiri hapo mtu ataona. Yeye alikaa dirishani siku nzima akinywa chai yake safi, halafu akainuka akiwa na jibu. Akasema pipa linabonyea kwa sababu linakosa pumzi. Akalinyoosha kwa nyundo, akachukua drili, akalitoboa matundu kuzunguka kiuno. "Hata wewe, Mama Vanishi, nikikuziba pua utabonyea," akasema, na akacheka peke yake.

Na pipa halikubonyea tena! Lingebonyea vipi, na hewa inaingia kila upande? Lakini hewa ikiingia kwa chini inalirusha vumbi juu kabla halijatua, linapita kwenye feni, linatemwa lote uani. Jioni tukafungua mfuniko. Pipa tupu, kama limefagiliwa. Fundi Mkuu akachungulia ndani, akainua uso unang'aa kwa furaha.

"Mnaona?" akasema. "Vumbi limekwisha."

Nakuapia alikuwa anaamini. Wateja walipokuja aliwashika mkono akawapeleka kulionyesha pipa tupu, anafunua mfuniko kwa vidole viwili kama anafunua sufuria ya pilau, anawaambia karakana yake haina vumbi tena, na wao wanatikisa vichwa huku nywele zao zikigeuka nyekundu. Watu wazima na akili zao! Ningecheka, ila kucheka kulikuwa kunaniumiza kifua. Nikienda msituni kutafuta mizizi ya dawa, nikienda hospitali, nikirudi uani, wingu lilikuwa lile lile.

Nikamfuata mara ya mwisho. Sikupiga kelele. Nikamwambia, "Fundi Mkuu, ziba hayo matundu. Tafuta pipa la oili, yale manene ya gereji. Sitakufa kwa ajili ya pipa la lami."

Alikuwa na wateja. Hiyo ndiyo shida, alikuwa na wateja. Akachomoa penseli ya kunyooshea watu, akaninyooshea, akasema, "Mama Vanishi, unaumwa kifua au unaumwa wivu?"

Wakacheka. Nikavua aproni yangu, nikaikung'uta pale pale mbele ya shati lake jeupe mpaka likawa la pinki, nikaondoka. Hilo silijutii mpaka leo.

Nilipanga banda langu mwenyewe kwenye njia ya kutokea Kitanga, na kabla sijanunua hata randa ya mkono nilikwenda gereji nikatafuta pipa. Nilichagua la oili, chuma kinene, lenye mikanda miwili iliyovimba kiunoni inayolikaza, na mfuniko wake wa asili wenye pete ya kubana. Mafundi wa gereji wakaniuliza kama nitalijaza maji kwanza. Nikawaambia wabaki na maji yao. Yule fundi bati Mkongo alinikunjia koni, na nilipowasha feni nikaziba mrija kwa kiganja, tukalitazama pipa wote wawili tumebana pumzi. Likakaa. Halikutoa hata mlio. "Sasa hii ni pipa, mama," akasema. Nikamwambia mambo ya pipa hayamwangalii. Akacheka mpaka akakaa chini.

Kifua kilipoa, si chote, lakini nalala nimelala. Huko nyuma ya soko nilisikia mambo yamelegea. Kisha nikasikia amehamia Kibondo, mashine ameuza, anafanya kazi ya mkono chini ya turubai. Kisha nikasikia anakohoa. Nilipoambiwa nilisema, "Si anaongezewa damu?" Nilisema hivyo, na aliyeniambia hakucheka.

Juzijuzi, asubuhi, kivuli kikaziba mlango wangu. Shati jeupe, pasi imesimama, penseli mbili. Ila ndani ya shati mtu alikuwa amebaki nusu, na alijishika kwenye nguzo kabla ya kuongea, anangoja pumzi irudi.

"Karibu, Fundi Mkuu," nikasema. Sijui kwa nini nilimwita hivyo.

Hakusalimu. Aliingia akazunguka kama mkaguzi. Alipapasa kiungo cha meza, akachungulia chini ya droo. Alipitisha kidole juu ya kabati lililopakwa vanishi jana, akakitazama kile kidole, akakigeuza, akakitazama tena. Kilikuwa safi. Halafu akaenda kwenye pipa akalipiga kofi tumboni, ameinamisha sikio.

"Hili halijawahi kujazwa maji," akasema.

"Halijawahi."

"Basi huna uhakika nalo."

Nilitaka kumtupia nyundo. Mtu ametoka Kibondo na basi, hana pumzi ya kumaliza sentensi, amekuja kuniambia sina uhakika! Nikawasha mashine nikapitisha ubao wa mkurungu mbele ya macho yake, ili aone. Vumbi likaenda lilikotakiwa kwenda. Alisimama katikati ya banda langu, mdomo wazi kidogo, akivuta hewa kwa pua, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Nikazima.

"Daktari wa Kibondo," akaanza. Akaitazama sakafu. "Anasema nichague."

"Ni yule yule wa kwangu, amehamishwa," nikasema. Hakutabasamu.

Akatazama huku na huku, akanyoosha penseli. "Benchi hilo la dirishani ni la nani?"

"Ni langu."

"Liko chini kidogo. Litakuumiza mgongo." Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake miaka yote ile, akasema, "Mama, mimi kazi nyingine sijui."

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyatunza. Nilikuwa nimeyapanga na kuyapiga msasa, lile la wivu nilikuwa na jibu lake tayari. Badala yake niliondoa msasa wangu na makopo yangu kwenye benchi la dirishani, nikalifuta kwa kitambaa, nikamwekea ubao na randa ya mkono. Akakaa kitako. Akauinua ubao, akafumba jicho moja kuangalia kama umenyooka.

"Kesho," akasema, "tulijaze maji hilo pipa, tujue moja."

"Ukiligusa kwa ndoo nakurudisha Kibondo na basi la jioni."

"Tutaona," akasema, akaanza kupiga randa.

Nilisimama na mkono kwenye swichi ya mashine, siiwashi. Nilikuwa nasikiliza kifua chake. Maranda yalikuwa yakidondoka membamba, marefu, kama alivyokuwa akinifundisha. Akamaliza ubao mzima bila kukohoa hata mara moja, mzee mpuuzi yule. Nikawasha mashine haraka, asije akanisikia ninalia.